Kidevu cha Somo

"Siendi."

"Utakwenda."

"Nshasema siendi. Na ukinisogezea tena hilo buibui nalitupa dirishani."

"Litupe! Likawaangukie watu huko chini, wajue kama Bi Sichana kaisusia harusi ya mjukuu wake!"

"Usinipigie makelele, mtoto wewe. Sikuzaliwa na mama'ko, mama'ko nimemzaa mie."

Haitham akalibwaga buibui kitandani, akakizunguka chumba mara mbili kama kuku alofungiwa. Hakuumbiwa kungoja, yule. Skuli aliiacha kidato cha pili, na ukimuuliza sababu atakwambia kengele ilikuwa ikichelewa. Sasa ni fundi bomba hapo Darajani, miaka ishirini na mbili, mikono mikubwa, mdomo hauna kizibo.

Bibi yake kakaa ukingoni mwa kitanda, ncha ya kanga kaishikilia kidevuni. Siku ya pili hiyo kakaa vile vile. Chai anainywa kwa chini ya kanga.

"Adhuhuri ishaswaliwa," Haitham alisema. "Khatib dereva anakuja na gari laasiri. Yusra yuko Mbweni anakungoja weye, somo wake, si mtu mwengine. Unaumwa? Goti?"

"Siumwi."

"Presha?"

"Presha unayo weye."

"Basi una nini?"

Bibi akaiachia kanga. "Nina hichi. Haya, kitizame ulichonifanyia."

Haitham akakitizama. Kidevu cha bibi yake kimeota vindevu vifupi vyeupe, vigumu, vimesimama wima kama brashi ya kusugulia sakafu. Akarudi nyuma hatua moja. 

Maana kosa lilikuwa lake, na alilijua.

Bi Sichana alikuwa na ndevu. Si nyingi, ndevu za utu uzima, lakini ndevu. Na hakuna aliyepata kuziona, kwa sababu bintiye Mwanakheri, mama yake Haitham, alikuwa akimtoa ndevu hizo kwa nta ya sukari kila Ijumaa ya pili, mlango umefungwa. Mwanakheri alipofariki, kazi akaishika Yusra. Sasa Yusra ni biharusi. Wiki tatu nzima kawekwa ndani kwa shangazi lao Mbweni, anasingwa, anafukizwa udi, mguu wake haugusi njia. Siku anaondoka alimwambia kaka'ke: "Bibi usimsahau kidevu." Haitham akasema, "Sawa." Akasahau hapo hapo.

Ijumaa ilipofika Bibi akamwambia yeye mwenyewe, kwa aibu, kwa mafumbo. Haitham alikuwa na mguu mmoja nje, kuna mpira Amaan. Akachukua wembe wake, akampaka Bibi sabuni, kwaru kwaru, dakika tatu kazi kwisha. Hata uso hakumfuta vizuri.

Wembe unakata, haung'oi. Baada ya siku chache kidevu kikaanza kukwaruza. Juzi Sumaiya, mtoto wa jirani, wa miaka minne, alimrukia Bi Sichana pale barazani, akambusu, akaruka nyuma: "Bibi unachoma kama baba!" Wanawake wote wakacheka. Na Bibi akacheka nao. Kisha akapanda ngazi, akafunga mlango, hajashuka mpaka leo.

"Jambo lenyewe ndo hilo?" Haitham aliuliza, lakini pole pole.

"Ndo hilo. Unajua somo, kungwi wa biharusi, anafanya nini leo? Anakaa na biharusi wake kabla hajatolewa. Shavu kwa shavu. Anamnong'oneza maneno ambayo hata mama mtu hayasemi. Sasa mie nimsugue Yusra na hizi ndevu ulizonipa? Siku yake? Mama'ke hayupo, na somo wake anachoma kama baba?"

"Basi nimwite Bi Nassra hapo chini akutoe ndevu."

"Thubutu yako! Nassra mie ndo somo wake. Wiki nzima nilimwambia mwanamke ni usafi. Leo nimpelekee kidevu? Mji mzima huu wanawake wangu, niliwaweka ndani mie, niliwatoa mie. Bora nife na ndevu zangu."

Haitham akakuna kichwa. Akatizama dirishani, akatizama mlango, akatizama saa ya simu.

"Basi ntakutoa mie," alisema.

 Mabega ya Bi Sichana yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yaillahi! Mume wangu huyu! Mabomba yamemshinda, sasa anataka usomo!"

"Cheka tu. Kwani sukari na ndimu inataka cheti? Niambie vipimo."

"Vipimo!" Bibi akajifuta macho. Macho yenyewe yana ukungu, mtoto wa jicho kashakaa miaka minne humo, anaona vivuli tu. "Haya. Sukari vikombe viwili. Ndimu moja kubwa, au mbili ndogo. Maji kidogo, ya kuilowesha tu. Moto mdogo. Umesikia? Mdogo."

Haitham akasikia, lakini mkono wake haukusikia. Moto mdogo unachukua muda, na yeye muda hana. Akaliwasha jiko la gesi mpaka mwisho, akaikoroga sukari kwa mwiko kama anakoroga saruji. Kidogo moshi, kidogo harufu, na Bibi kule chumbani kapiga ukelele: "Ishaungua hiyo!"

"Bado!"

"Nakwambia ishaungua! Pua yangu haina ukungu!"

Na kweli. Sufuria ndani nyeusi, imeshika ngumu kama kashata ya mwaka jana. Haitham akatukana kwa sauti ya chini, akakimbia ngazi kwenda kununua sukari kwa Simai. Simai muuza duka akamuuliza, "Sukari yote hiyo na ndimu, mnapika shira?" Haitham akamjibu, "Napika ndoa," akaondoka.

Aliporudi akamkuta Bibi kaja jikoni, kakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, karibu na jiko.

"Sasa utapika kwa masikio," alisema. "Mie sioni rangi, nasikia. Washa. Punguza. Punguza tena, bakhili mkubwa wa subira. Hapo. Na mwiko weka chini. Ukiikoroga inarudi sukari."

"Nifanye nini sasa?"

"Ukae."

Kukaa! Haitham akakaa sakafuni kama mtu alohukumiwa. Goti likawa linamcheza. Simu ikalia, akaitoa, Bibi akamwambia, "Weka," akaiweka.

"Sikiliza," Bibi alisema. "Sasa inalia kama mvua ya bati. Eh? Hiyo bado maji. Ngoja itulie... Sasa sauti imekuwa nzito, kama mtu anayesema na mdomo una chakula. Umesikia?"

Haitham akasikia. Wallahi akasikia, akashangaa. Kazi yake mwenyewe ndo hiyo, kutia sikio kwenye ukuta na kujua maji yanavuja wapi.

"Inataka kutoka," akasema.

"Itoe, basi. Kumbe una masikio."

Ilikuwa rangi ya asali. Akaimimina kwenye sahani alolowesha maji, wakaiacha ipoe. Bibi akamkataza kuigusa mpaka yeye mwenyewe aijaribu ndani ya kifundo cha mkono, maana sukari ya moto, alisema, haina mchezo, inakwenda na ngozi. Ilipokuwa vuguvugu tu akampa donge, akamfundisha kulivuta na kulikunja, kulivuta na kulikunja, mpaka likageuka jeupe, linang'ara, laini kama sikio la mtoto.

"Haya, poda kidogo hapa. Unaibandika kutoka huku kwenda huku, unaikandamiza na kidole. Kisha unaing'oa mara moja kufuata nywele zinakolala. Usiende kinyume chake."

Haitham akapiga magoti mbele ya bibi yake. Akabandika. Akakandamiza. Akashika ncha. 

"Vuta."

Akavuta pole pole, kwa huruma.

"Yalaaa!" Kofi likamkuta begani. "Unaniua! Ndo nini hivo?"

"Nakuonea huruma!"

"Huruma yako kaiweke mfukoni! Ukivuta pole pole ndo unaumiza. Fanya kama unavyosema maneno yako, pa! Siku zote unasema pa, leo ndo umepata adabu?"

Haitham akavuta pumzi. Akabandika tena. Pa!

Bibi hata hakukunja uso. "Enhee," alisema. "Kama hivo."

Pa. Akatizama donge, vindevu vimo ndani, vyeupe, na vijizizi vyake. Pa. Ngozi iliyobaki nyuma nyekundu kidogo, safi. Alisogeza uso karibu zaidi, maana vingine vilikuwa vifupi mno, lazima uvitafute. Hajapata kuuona uso huu karibu namna hii tokea ananyonya kidole. Mikunjo imepangika kama mchanga maji yakitoka. Chini ya mdomo, kushoto, kuna baka dogo jeusi, la mviringo. Mama yake alikuwa nalo hapo hapo. Miaka miwili tokea afe, Haitham alijidai kasahau lilikuwa upande gani.

Pa, akang'oa. Na hapo, hajui kwa nini, hakuna alomwambia, akainama akapuliza ile ngozi nyekundu. Fuu. Kama vile yeye alivyokuwa akipulizwa goti, zamani, akianguka kwenye mawe ya uchochoroni.

 Mkono wa Bi Sichana ukapanda, ukamtafuta mjukuu wake kichwani, ukakaa hapo.

"Nani kakwambia upulize?"

"Hamna."

"Mwanakheri alikuwa anapuliza," Bibi alisema. "Kila akivuta, anapuliza. Yusra hapulizi. Yusra ana haraka kuliko weye." Akamgonga kichwani kwa kidole. "Haya, maliza. Usinililie kwenye nta, haishiki ikiingia maji."

"Nani analia? Ndimu hiyo."

"Ndimu, ndio."

Wakamaliza. Pa, fuu. Pa, fuu. Palibaki unywele mmoja juu ya lile baka. Haitham akataka kuubandika, Bibi akamzuia: hapo hapang'olewi, hapo ni mkasi tu. Akaukata na mkasi wa kucha. Akamfuta na kitambaa cha maji ya vuguvugu, akampaka mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole, pole pole. Sasa pole pole ilikuwa mahala pake.

"Lete shavu lako," Bibi alisema.

Akaleta. Bibi akakipitisha kidevu chake juu ya shavu la mjukuu wake, kutoka sikioni mpaka mdomoni.

"Kinachoma?"

Haitham angekuwa mwengine angesema neno tamu. Yeye akafikiri kwanza, akapima. "Hapana. Hichi sasa kidevu cha mtu."

"Na weye nenda kanyoe chako. Weye ndo unachoma." Bibi akainuka, akanyoosha mkono. "Liko wapi buibui langu?"

Khatib alipiga honi laasiri kweli. Bi Sichana akashuka ngazi uso juu, na pale barazani Bi Nassra akamwamkia, "Shikamoo somo, umependeza," akajibiwa, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu asiye na deni na kioo.

Mbweni nyumba ya shangazi imejaa. Wanaume wamekaa nje chini ya turubai, wanawake ndani, na baina yao pazia la kijani mlangoni. Ndani udi unafuka, vigelegele, vikombe vinagongana. Haitham akamshika Bibi mkono, akamvusha ngazi tatu, akamwambia kila moja ilipo. Kwenye pazia wakasimama. Hapo ndo mwisho wa Haitham.

"Somo!" Sauti ya Yusra ikatoka ndani, nyembamba, kama ya mtoto alopotelewa sokoni. "Somo wangu kashafika?"

"Naam!" Bi Sichana akaitika. Mkono wake bado uko ndani ya mkono wa Haitham, na vidole vyao vyote kumi vimeshikana kwa sukari, maana nta ile hata uoshe mara tatu haiishi.

Haitham alikuwa na neno tokea jikoni.  

"Bibi," akasema. "Ule wembe..."

"Wembe gani?" Bi Sichana aliuliza.

Akauchomoa mkono wake, akamgusa mara moja shavuni, pale pale alipompima. Akageuka, akalisukuma pazia kwa bega, akaingia, mkono mmoja ukutani na kidevu mbele.