Mishale ya Sukari

"Usisogee!" Zuwena aliikaripia kompyuta, kana kwamba ina masikio.

Haikuwa nayo. Kwa mara ya saba asubuhi ile aliivuta picha ya sindano, akaiweka chini ya tone la damu lililojaa sukari. Kwa mara ya saba programu ikatulia kidogo, kisha ikazirudisha picha zote nne kwenye mstari mmoja, kushoto kwenda kulia: sahani ya ugali, tone lenye punje tele za sukari, sindano ya insulini, tone lenye punje chache. Kati ya picha hizo mishale, myembamba kama miguu ya sisimizi.

Ndiyo kazi yake. Ukiiambia nini kinafuata nini mwilini, inajipangia njia nzima yenyewe. Benedicto, mtaalamu aliyeileta kutoka Dar, aliisifu kama mshenga. Zuwena naye, muuguzi wa kliniki ya sukari pale Kilwa Masoko, aliisifu. Wiki iliyopita aliwagawia wagonjwa karatasi zenye picha zake wakazisome nyumbani.

Sasa Bi Mwahija alikuwa ameketi nyuma yake, midomo imemkauka, sukari imepanda vibaya, na sindano haitaki. Daktari amembembeleza. Binti wa bibi amelia mpaka ametoka nje.

"Sindano ndiyo inayonipandisha," alisema bibi. "Nimesoma mwenyewe kwenye karatasi yenu."

Na alikuwa ameisoma kweli, kama anavyosoma msahafu wake, kuanzia kulia. Kidole kilianza kwenye tone la mwisho, kikairuka ile mishale myembamba. "Hapa sukari kidogo. Unachoma sindano. Hii hapa, imejaa! Mwisho sahani hiyo, chakula kimebaki, maana hata kula huwezi tena."

"Bibi, umeanzia mwisho."

"Nimeanzia mwanzo. Mimi nimejua kusoma mama yako hajazaliwa."

Zuwena alitamani kulia. Angezipanga picha juu kwenda chini, wasingegombea kulia wala kushoto. Lakini lile dude halikubali. Akampigia Benedicto.

"Dada Zuwena, programu inajua nafasi nzuri," alisema Benedicto. "Ukiilazimisha, mishale itakatana."

"Ikatane! Ikatane hata vipande, Benedicto! Nina mtu hapa anakufa kwa ajili ya mistari yako iliyonyooka!"

Akakata simu. Akachukua mkasi, akaikata karatasi ya bibi, mishale yote akaitupa, akaziweka picha nne mbele ya bibi.

"Zipange wewe. Mimi sikwambii neno. Kabla hujapewa karatasi hii, ulikuwa unaanza na nini?"

Bi Mwahija alimtazama kwa shaka. "Nakula." Akaiweka sahani upande wa kulia.

"Ukila?"

"Sukari inapanda. Nani asiyejua?" Tone lililojaa likafuata, kushoto kwa sahani.

Zikabaki mbili. Kidole kilielea juu yake.

"Ulipokuwa unachoma kila siku, bibi, kiu ilikuwa inakusumbua?"

"Kiu ya nini? Nilikuwa nalala fofofo mpaka adhana."

"Na tangu uache?"

Bibi aliichukua sindano, akaiweka ya tatu. Tone lenye punje chache akalisukuma mwisho kabisa, kushoto, polepole.

"Kumbe siku tano hizi nimejinyima dawa mwenyewe," alisema, sauti imemshuka. Kisha hasira zikamrudia. "Na nyie, mnaandikaje mambo ya watu kinyumenyume?"

"Tusamehe, bibi. Ni kosa letu."

"Kosa lenu kweli." Akainua pindo la blauzi, akageuzia uso ukutani. "Haya, choma."

Zuwena aliinama kumchoma. Feni ilizipepea picha pale mezani, zikaanza kuinuka, na Bi Mwahija, bila kugeuka, akanyoosha mkono na kuikandamiza ile ya tatu, ya sindano, kwa kidole.