Matanga ya Bwana Luisi

Kabla ya kuhamia Njombe kutoka Manda, kule ziwani, Mwalimu Hulda aliijua baridi kwa kusimuliwa tu. Sasa alikuwa na chumba kimoja nyuma ya shule ya misheni, chungu kimoja, na hakuna wa kumwuliza ameamkaje. Watu walimsalimu njiani, "Kamwene, mwalimu," wakapita zao. Walimheshimu sana, lakini heshima, tusidanganyane, haiji kukaa na mtu jioni.

Wiki iliyopita alikwenda Makambako kupokea chaki zilizoshushwa na lori. Huko mchuuzi wa dagaa wa kwao akampa pole.

"Pole ya nini?"

Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa, na matanga yameanuliwa. Hulda akabeba chaki zake, akarudi kufundisha. Angemlilia nani? Kilio cha mtu mmoja hakina wa kukipokea.

Habari za wagunduzi wa Ulaya alizifundisha kwa namna yake: wote aliwahamishia Ubena, huko huko kwa wanafunzi wake. Louis Pasteur akawa Bwana Luisi, jirani mwenye ndevu, anayechungulia vijidudu ndani ya maziwa. Siku moja darasani akawasimulia wanafunzi jinsi mama mmoja alivyomletea mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Dawa yake ilikuwa haijathibitika kwa watu. Bwana Luisi akaogopa, lakini mtoto akachomwa sindano, akapona.

"Bwana Luisi yuko wapi sasa?" aliuliza Anyisile, binti wa dawati la mbele.

"Amefariki," alisema Hulda, na neno hilo likamtoka pamoja na machozi aliyoyabana tangu Makambako. Akageukia ubao upesi.

Watoto hawana siri. Kesho yake asubuhi mlangoni pake walisimama wanawake wenye vikapu vya unga, na wanaume wenye kuni mabegani. Mbele yao alikuwa Mzee Lameki, babu yake Anyisile.

"Kamwene, mwalimu. Tumesikia umefiwa na Bwana Luisi. Mtu aliyeponya mtoto wa mwenzake hazikwi kimyakimya. Ni nani wako?"

Hulda nusura acheke. Akiwaambia ukweli watacheka nao, watarudi na kuni zao, naye atabaki na chumba chake. Hilo lilimtisha kuliko aibu. Lakini kula unga wa watu kwa msiba wa uongo? Hapana.

"Bwana Luisi ni Mzungu wa zamani, baba. Alikufa kabla sijazaliwa. Mmebeba kuni bure. Aliyekufa ni mama yangu, huko Manda. Hata kumzika sikumzika."

Hakuna aliyecheka. Mzee Lameki alitua kuni zake, akawageukia wanaume.

"Mbona mmesimama? Washeni moto."

Wanawake wakaingia, wakaketi sakafuni mpaka chumba kikajaa. Idda, mama yake Anyisile, akamshika Hulda mkono.

"Aliitwa nani, mwanangu?"

"Bertila."

Idda akaanza kumlilia Bertila kwa jina lake, na wenzake wakapokea.