Yupo, Hayupo

"Wifi! Wewe wifi!"

Kimya. Mama Miche alisimama na panga lake mkononi, akatega sikio. Kijito kilikuwa kinanguruma huko bondeni. Ndege mmoja alilia, akanyamaza. Sasa hivi tu alikuwa akikiona kilemba chekundu cha wifi yake kikipanda na kushuka kati ya miti, na sasa hakukiona tena.

Na wifi hakutaka hata kuja. Asubuhi ile alikuwa kwenye cherehani yake pale sebuleni, sindano mdomoni, sare za shule zimerundikana mezani zinasubiri vifungo.

"Mimi na porini wapi na wapi?" alisema. "Hao maua wako si waje wenyewe?"

"Watakujaje, hawana miguu. Na miti yao inakatwa kesho, barabara inapita palepale. Tukiwaacha wanakufa wote."

"Wanakufa wote! Kama wanao vile."

"Ni wanangu."

Ndivyo alivyozoea kusema. Kwenye kitalu chake cha miche, pembeni mwa barabara, hakuna ua lililoitwa hili wala lile. Yote yalikuwa huyu na yule. Huyu kaamka vibaya leo. Yule ana kiu, mpe maji. Wateja walicheka. Wifi naye alicheka, halafu akaambukizwa, akawa anasema vilevile. Na okidi za mwituni, zile nyeupe zinazojishika kwenye magome na magogo bila kuunyonya mti, hizo Mama Miche aliziita mabibi harusi.

Mungu hakumjalia mtoto. Mumewe alipofariki, ndugu wa marehemu waliondoka mmoja mmoja na mabegi yao, wengine bila hata kuaga vizuri. Aliyebaki ni huyu dada mtu. Alileta cherehani, akaiweka dirishani penye mwanga, akasema, "Nipo hapa mpaka unifukuze." Basi ndiye aliyekuwa akimfungulia mlango, ndiye aliyemwuliza umekula. Mama Miche hakuwa na mtu mwingine duniani.

Kwa hiyo, kabla hawajaingia msituni, Mama Miche aliweka utaratibu. Kila mmoja apite upande wake ili waone zaidi, lakini wasiache kuitana. Mmoja aulize, "Yupo?" Mwenzake ajibu, "Hayupo!" Akiliona ua, apaze sauti, "Yupo!" na mwenzake amfuate. Walikwenda hivyo asubuhi nzima, yupo, hayupo, na kikapu kilikuwa na mabibi harusi wawili waliolala ndani ya gunia bichi.

"Wifi!" aliita tena.

"Jamani! Mtu hata kujisaidia haendi kwa raha?"

Mama Miche alishusha pumzi, akajikuta ameegemea mti. "Si ungejibu?"

"Nijibu nimechuchumaa? Una adabu gani wewe!"

Kilemba chekundu kikatokea upande wa pili wa gogo kubwa lililooza. Wifi alikuwa anacheka peke yake, anajikung'uta sketi. Alipofika kwenye gogo aliweka mkono juu yake ili avuke.

Hapo ndipo Mama Miche alipoyaona majani.

Yalikuwa majani makavu tu, karibu na kiatu cha kushoto cha wifi. Lakini majani huanguka ovyo, na haya yalikuwa yamepangika. Rangi ya udongo, alama nyeusi zikifuatana moja baada ya nyingine kama mshono wa zigizaga. Aliyatazama bila kuelewa. Kisha mshono ule ukavimba, ukanywea. Ulikuwa unapumua.

Kifutu. Mnene kama mkono wa mtu mzima. Yule nyoka asiyekimbia mtu. Hulala palepale mpaka umkanyage.

Ulimi ulimganda. Neno lililotoka ndilo lililokuwa mdomoni tangu asubuhi.

"Yupo!"

Uso wa wifi uling'aa. "Yuko wapi?"

"Yupo hapo! Miguuni kwako!"

"Eeh, bibi harusi wa chini!" Wifi akainama. Alianza kuyapekua majani kwa vidole, upande wa kulia, kwa raha kabisa, kama anayetafuta kifungo kilichoanguka. "Mbona simwoni?"

"Usimguse! Muache!"

"Simwumizi, namtafuta tu. Umenifundisha mwenyewe, nashika shinani." Mkono ukahamia kushoto.

Mama Miche alielewa kwamba kila atakalosema litasikika ua. Yupo, ua. Muache, ua. Alitaka kukimbia kwenda kumvuta, lakini hatua nzito zingemshtua nyoka. Alijaribu kusema nyoka, koo likatoa upepo mtupu. Vidole vya wifi vilikuwa vinageuza jani moja, jingine.

Akamwita kwa jina lake.

Hilo jina la kuzaliwa, ambalo nyumbani kwao halikutumika kabisa. Miaka yote ilikuwa wifi na wifi. Mara ya mwisho Mama Miche kulitamka ilikuwa kwenye korido ya hospitali, siku alipomwendea kumwambia kaka yako ametutoka.

Mkono wa wifi ulisimama hewani.

"Nani?" alinong'ona. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Usitikisike." Sasa sauti ilikuja, ndogo, kavu. "Kifutu. Karibu na mguu wa kushoto. Usiangalie. Niangalie mimi."

Wifi alimwangalia. Alikuwa ameinama vibaya, goti moja limekunjwa, na paja likaanza kumtetemeka. Nyoka alijaza pumzi, akaitoa kwa sauti, kama tairi linalovuja. Machozi yakamtiririka wifi, na hakuthubutu kuyafuta.

Mola wangu, aliomba Mama Miche ndani ya moyo, macho hayajafumbwa. Kaka yake ulimchukua, sikusema kitu. Huyu usimchukue. Nakuomba, huyu hapana.

Kifutu alianza kusogea. Hakujipinda; alijikokota moja kwa moja, taratibu, kama kiwavi. Kichwa kilifika kwenye ncha ya kiatu. Kikatulia pale. Wifi alifungua mdomo bila kutoa sauti. Kisha kichwa kikapanda juu ya kamba za kiatu, tumbo zito likafuata, likavuka, likaingia chini ya gogo mpaka mkia ukapotea.

"Sasa," alisema Mama Miche. "Mguu wa kulia nyuma. Polepole. Mwingine. Usigeuke. Njoo, mama, njoo, zunguka kwa kule."

Wifi alipomfikia alimshika mabega yote mawili, kucha zikamwingia.

"Kwa nini uliniita vile? Nilidhani... Nilidhani ni mimi nimekufa, unaniita nisiende!"

"Sikuwa na neno jingine."

Walirudi walikotoka, wifi ameishika nguo ya Mama Miche kwa nyuma. Kila jani lililolia chini ya kiatu liliwasimamisha. Barabarani walimkuta msimamizi wa kazi ya barabara, yule aliyewapa ruhusa ya kuingia msituni, wakamwonyesha lilipo gogo ili kesho vibarua wasimkanyage nyoka. Alitaka kutania, akaziona nyuso zao, akaita watu wake.

Waliketi kwenye rundo la kokoto. Wifi alivua kiatu akakikung'uta, akakikung'uta tena.

"Kikapu umekiacha," alisema baadaye.

"Kimebaki."

"Na wale wawili wamo ndani. Watanyauka."

"Wanyauke."

"Niende na hao vibarua, nikakichukue?"

"Ukisimama hapo ulipo," alisema Mama Miche, "nakulilia mbele za watu."

Wifi hakusimama. Alivaa kiatu, akaweka mkono kwenye goti la Mama Miche, akalikandamiza chini, maana lilikuwa linaruka. Lake mwenyewe lilishatulia. La Mama Miche halikutulia, hata gari la kuwarudisha mjini lilipofunga breki mbele yao.