Musimuache Mugonjwa

Mama Victorine alimkuta binti yake Gisèle amelazwa mkekani ndani ya nyumba ya maombi, macho yamezama, midomo imekauka. Alikuwa ameharisha na kutapika tangu alfajiri. Victorine hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba ni kipindupindu.

"Moto inangoja inje," alisema, akionyesha pikipiki aliyokuja nayo. "Twende hospitali."

Pasta Félicien, aliyeongoza kanisa tangu mwanzilishi wake, Papa Sébastien, alipofariki, alisimama mlangoni pamoja na wanaume kadhaa. "Mama, neno la Papa Sébastien unalijua. Musimuache mugonjwa. Akitoka hapa, tumemuacha."

Victorine alimkodolea macho. Neno lile alikuwepo lilipozaliwa. Miaka ishirini na mitano iliyopita, ugonjwa huu huu ulipofagia mitaa ya kando ya ziwa, watu walikimbia hata ndugu zao. Sébastien, mvuvi wa Zongwe, hakukimbia. Aling'oa mlango wa nyumba yake ukawa machela, yeye akashika upande wa kichwa, Victorine upande wa miguu, wakapeleka wagonjwa kumi na mmoja hospitali. Kila walipopita penye watu waliojifungia ndani, Sébastien alipaza sauti: "Musimuache mugonjwa!" Kanisa zima lilitoka katika maneno hayo mawili.

"Alisema vile tukiwapeleka hospitali," Victorine alisema. "Ni mabega yangu haya njo yalibeba."

"Wewe ulisikia kwa masikio, Mama," Félicien alijibu kwa upole. "Sisi tumefunuliwa maana."

Victorine akamwinamia binti yake. "Gisèle, mwanangu, jikaze, simama."

"Hapana, Mama. Unataka nife inje ya neno la Papa?"

Na neno hilo Gisèle alifundishwa na mama yake mwenyewe, kabla hajajua kusoma.

Victorine alibishana, akalia, akapiga magoti. Saa nane Gisèle akapoteza fahamu, na wanaume waliosimama na Félicien wakaogopa, wakapisha njia. Victorine alimpakata kwenye pikipiki hadi hospitali. Wauguzi walitafuta mshipa wa kumtilia maji ya serumu, wakaukosa mkono wa kulia, wakaukosa wa kushoto. Gisèle akakata roho wakiwa bado wanatafuta.

Makaburini Félicien alilia machozi ya kweli. Kisha akawageukia waumini: "Dada yetu amekufa kwa sababu alitolewa."

"Amina," wakaitikia.

Victorine akaanza kusimulia habari ya mlango ule. Kwaya ikainua wimbo. Hakunyamaza, alisimulia hadi mwisho, ingawa hata yeye hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Baada ya siku tatu Louise, aliyeimba naye kwaya tangu ujana, alikuja, akakataa kiti.

"Mama, wamesema usirudi kanisani. Na watoto wanafundishwa kwamba siku zile Papa Sébastien alibeba wagonjwa peke yake, akawaleta kwenye maombi."

"Machela inabebwa na muntu mumoja?"

Louise alitazama chini. "Nina familia mule, Mama. Nitasema nini?"

Victorine hakumlaumu. Alimsindikiza hadi barabarani, kama inavyompasa mgeni, kisha akarudi ndani kukunja nguo za Gisèle.