Gololi Nyuma ya Sikio

"Nipeni kichwa chochote cha mtaa huu, hata gizani, nitakipapasa niwaambie ni cha nani na jana kililala saa ngapi!" Hivyo ndivyo kinyozi alivyozoea kujigamba, mkasi ukimchezea mkononi. Wateja wakambandika jina la Profesa. Mwenzetu akasahau kwamba ulikuwa utani.

Asubuhi hiyo Profesa mzima alikuwa kwenye benchi la hospitali, mguu ukimwenda kama cherehani. Kulia kwake alikaa dada yake, amekumbatia faili. Kushoto alikaa mpwa wake, binti wa miaka kumi na minne, nywele fupi za shule alizomnyoa yeye mwenyewe, na nyuma ya sikio, kushuka shingoni, uvimbe unaotosha kujaza kiganja. Majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwe yalikuwa yametoka: saratani. Ilianzia nyuma ya pua, ikateremkia shingoni.

"Tulia basi, kaka. Unatikisa benchi zima."

"Si mimi. Benchi lina homa."

Hakuna aliyecheka. Akasimama, akasoma bango la kunawa mikono kwa mara ya tano, akakaa, akasimama tena.

Kilichomkalisha juu ya miiba hakikuwa ugonjwa peke yake. Siku chache nyuma dada alimuuliza, "Wewe ndiye unayekishika kichwa cha mwanangu kila mwisho wa mwezi. Hiki kitu kilianza lini?" Naye, mdomo mwepesi kuliko akili, akajibu, "Wiki mbili tu, dada. Kingekuwepo kabla, kingenipita mimi?" Sasa hizo wiki mbili zilikuwa ndani ya faili, zimeandikwa kwa wino.

Wakaitwa. Daktari alikuwa mama mfupi, asiye na haraka. Akaupapasa uvimbe kwa vidole viwili, akasoma faili, akaupapasa tena.

"Wiki mbili? Uvimbe umekimbia hivi?"

Kinyozi akaukagua ukuta.

"Nisikilizeni," daktari akasema. "Watoto wengi wanapona. Lakini kupona kunategemea ugonjwa umeanzia wapi, umefika wapi, na tiba ikianza isikatizwe, hata siku koo litakapowaka kwa dawa, mtoto akakataa chakula. Nahitaji pia kujua unakua kwa kasi gani, nipange tiba kwa ukweli. Nani aliuona kwanza?"

Dada akamgeukia kaka yake.

"Ah, daktari, vichwa ni vingi..." Akajikohoza. "Wiki mbili. Labda tatu, ukihesabu na Jumapili."

"Mjomba."

Sauti ya binti ilikuwa ndogo, yenye mkwaruzo.

"Mara ya kwanza mashine ya kunyolea iliruka hapa. Ukasema, mpwa wangu, umeficha punje ya hindi."

"Nilikuwa nakutania tu, mama."

"Najua. Shule ndiyo ilikuwa inafunguliwa. Mwezi uliofuata ukasema ni gololi, niirudishe kwa mwenyewe. Halafu ikawa ndimu. Nikakuambia na sikio limeziba, ukasema ni nywele, ukapuliza."

Kalamu ya daktari ikaanza kukimbia. "Punje ya hindi, shule ikifunguliwa," akarudia akiandika, uso mkavu. "Gololi, mwezi wa pili. Ndimu na sikio kuziba, wa tatu. Endelea, mwanangu."

Profesa akatamani sakafu ipasuke. Mizaha aliyodhani ilifagiwa pamoja na nywele ilikuwa imehifadhiwa yote, tena kwa mpangilio, na sasa inasomwa na watu wazima kwa sauti nzito. Kila mzaha ulikuwa mwezi. Kila mwezi ulikuwa siku ambayo angeweza kumwambia dada yake, mpeleke mtoto akaangaliwe.

"Kaka," dada akasema. Neno hilo tu, bila hata kupandisha sauti.

"Dada, mimi nilidhani ni tezi tu, zile za mafua, nikaona nisikutie hofu..."

Daktari akakata zile wiki mbili kwa mstari mmoja, akaandika "miezi minne" juu yake. "Na mara ya mwisho kunyolewa," akamuuliza binti, "mjomba aliuitaje uvimbe?"

Binti akamtazama mjomba wake usoni, bila hasira.

"Hakuuita kitu. Alizima mashine, akanifuta shingo polepole, akaniambia niende nyumbani. Ndipo nilipoogopa."