Amina Iliyochelewa

Ko, ko, ko. Kijiko kiligonga sahani gizani mara tatu, maana yake njaa. Mara moja ni maji, mbili ni hapana, na kugonga mfululizo kama mvua juu ya bati ni kwamba baba amerudi. Hiyo ndiyo lugha ya binti yetu. Ana miaka minne kasoro miezi miwili, na lugha nyingine hana.

Alipozaliwa alilia mpaka wodi nzima ikaamka, babu yake akamwita Chiriku. Jina likabaki, sauti ikahama. Mtaalamu wa hospitali alimpima akasema masikio ni mazima, akili inachemka, tumpe muda. Mama mkwe wangu naye akanituliza kwamba hata baba yake Chiriku alichelewa kuongea, na alipoanza hajanyamaza mpaka leo.

Hilo la kutonyamaza ni kweli tupu. Mume wangu ni fundi umeme, na jioni hiyo alikuwa amesimama juu ya stuli, tochi mdomoni, anatafuta kilichotuzimia taa. Nilimkumbusha kwamba kinyozi hajinyoi. Akajibu kwa kirefu, lakini maneno yote yaliishia kwenye tochi.

Nikapakua chakula kwa kupapasa. Kwetu hakuna anayegusa sahani kabla ya sala, na anayeomba ni mimi. Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe, kwa sababu nilikuwa kwenye mgomo.

Wiki mbili nzima nilikuwa naomba bila kusema amina. Mambo yalianzia kwenye darasa la jioni ninakomalizia masomo niliyoyaacha. Mwalimu wa Kiswahili alitueleza kwamba amina na amini ni ndugu wa tumbo moja. Ukisema amina, umesema unaamini. Wenzangu waliandika, wakafungua ukurasa mwingine. Mimi nikabaki palepale, kalamu mkononi. Miaka miwili nilikuwa nimemwomba Mungu neno moja tu kutoka kinywani mwa mwanangu, neno lolote, hata kama ni la kunitukana, na kila mara nilifunga kwa amina. Kumbe nilikuwa naweka sahihi kwenye jambo ambalo moyo wangu ulishaanza kulitilia shaka. Nikaona heri ninyamaze kuliko kumdanganya Mungu mchana kweupe. Nisifiche, palikuwa na kijihasira pia: kama Yeye hanipi neno, na mimi langu silitoi.

Mume wangu hakung'amua kitu. Yeye ana amina zake, nzito, huziachia hata nikisita kuvuta pumzi tu. Aliyegundua ni Chiriku. Tangu nigome, sala ikiisha habandui mikono yake kifuani. Hunitazama mimi, kisha humtazama baba yake, na baba akishasema amina ndipo kijiko kinaposhikwa.

Sasa jioni hiyo baba alikuwa na tochi mdomoni.

Nikaomba, nikashukuru kwa chakula, nikaomba lile neno langu la siku zote, nikanyamaza. Kutoka juu ya stuli ikashuka sauti: "A-i-a." Chiriku akageuka kuitafuta ilikotoka, akaipima, akachukua kijiko akagonga mara mbili. Hapana. Hiyo haihesabiki. Akarudisha mikono kifuani.

Nilimbembeleza ale, mama yangu, ale kidogo tu. Ko, ko. Nikamsogezea sahani karibu. Ko, ko, na safari hii kwa nguvu ya mwenye nyumba.

Mwanga wa tochi ukapita usoni mwake. Macho ameyatoa, midomo ameibana, harufu ya chakula iko puani pake, naye kakaa tu ananingoja. Hakununa. Hakuonekana hata kuwaza kwamba huenda amina isije. Kwake ilikuwa njiani, mama kachelewa tu.

Nikaona aibu, nikacheka, kisha machozi yakanitoka, yote mara moja. Nikafumba macho tena.

"Mungu wangu, sina hakika," nikasema kwa sauti. "Nimechoka kukuomba, na nimechoka zaidi kukununia. Huyu mtoto akiongea, ni wako. Asipoongea, ni wako vilevile, na mimi pia ni wako na mashaka yangu haya haya. Hilo naweza kuliwekea sahihi." Kisha nikaiweka: "Amina."

Mume wangu akatoa tochi mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kinywa chake kilikuwa kitupu na hakikusema kitu. Alishuka, akaja kukaa, akaniwekea mkono mgongoni.

Taa haikuwaka. Hakuna kilichotokea, ila mimi nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Nikasikia kijiko kikichota. Nikasikia Chiriku akitafuna polepole, akameza, kijiko kikawekwa chini. Nilingoja kigonge. Hakikugonga.

"Mama, chakula kimepoa," akasema.