Simu ya Msoma Mita

"Kuna kitu kinavuta," Baba alisema, akaigeuza simu yake tumbo chini juu ya meza na kuigonga mgongoni kwa kidole.

Binti yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani. "Kinavuta nini, Baba?"

"Umeme. Asubuhi imejaa pomoni. Sijampigia mtu, sijapigiwa. Jua likipanda kidogo, iko nusu. Kabla sijarudi kula, imezima. Haya niambie: nyumba imefungwa, taa zimezimwa, friji imechomolewa, na mita bado inazunguka. Utasema nini?"

"Nitasema kuna kitu kinavuta."

"Basi. Na usiponisadiki mimi utamsadiki nani?"

Fundi alicheka, akarudi kwenye mshono wake, lakini macho hayakurudi pamoja naye.

Baba alikuwa msoma mita wa kampuni ya umeme tangu ujana wake. Alipita nyumba hadi nyumba, tochi mkononi, akisoma tarakimu nyuma ya milango, chini ya ngazi, ndani ya mabanda ya kuku. Zilipokuja mita za tokeni, kampuni haikuhitaji tena mtu wa kutembea. Alistaafu kwa heshima. Kisha, taratibu, akaanza kusahau. Mambo ya zamani alikuwa nayo yote. Ya jana ndiyo yaliyomtoka. Daktari alisema mzee aachwe atembee, asifungiwe ndani. Tena akasema asiachwe apotee. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, kama mtu anayeagiza chumvi na kiberiti dukani, akamwita mgonjwa mwingine.

Fundi alitafuta njia yake mwenyewe. Baba angetembea kila asubuhi, simu ikiwa kwenye mfuko wa shati, na ndani ya simu hiyo Fundi aliweka programu ya kuonyesha Baba yuko wapi. Simu yake mwenyewe aliiegemeza kwenye boksi la nyuzi, mbele ya cherehani. Akishona, alikuwa akiona kidoti cha buluu kikienda polepole mtaa kwa mtaa, kikisimama, kikigeuka, kikirudi.

Baba hakuambiwa. Mwanzoni Fundi aliona hakuna haja, kwa kuwa angesahau. Halafu akaogopa kwamba atakataa. Halafu siku zikapita, na jambo ambalo halikusemwa mapema likawa gumu kulianza.

Kwa hiyo Baba aliposema kuna kitu kinavuta, Fundi alijua jibu moja. Kwenye mipangilio ya simu ile, sehemu ya mahali, programu yake alikuwa ameipa ruhusa ya wakati wote. Alijua simu inayojitafuta ilipo bila kupumzika hula chaji. Ila kwa hesabu yake isingeweza kula kiasi hicho. Akaamua betri imechoka. Walikwenda pamoja kwa mtengeneza simu, betri ikabadilishwa, na mtengenezaji alipotaka kufungua mipangilio aangalie kinachotumia chaji, Fundi alimwambia aache tu. Baba alikuwa amesimama pale pale, kiwiko juu ya kaunta.

Betri mpya nayo ikawa haifiki adhuhuri. Na hilo ndilo lililomnyima raha. Simu ikizima Baba akiwa nje, hakuna aliyejua aliko, pengine hata yeye mwenyewe.

Siku hilo lilipotokea, Fundi alikuwa anapima gauni kwa mteja, pini zikiwa mdomoni. Alipotazama boksi la nyuzi, kidoti kilikuwa kijivu. Baba alionekana mwisho kwenye kona ya tangi la maji. Akapiga. Haipatikani.

"Mbona umenyamaza?" mteja aliuliza. "Nimenenepa?"

"Hapana, mama. Vua kidogo, tutamalizia kesho."

Chakula cha Baba alikifunika, akasubiri, akashindwa kusubiri, akatoka. Pale kwenye kona ya tangi palikuwa na kibanda cha kinyozi.

"Mzee kapita," kinyozi alisema, mashine ikiwa bado inanguruma juu ya kichwa cha mtu. "Tumesalimiana vizuri tu. Akaniuliza mita yangu nimeificha wapi. Nikamwambia mzee, mimi mwizi wa nywele, umeme nauogopa. Akacheka. Kwani vipi?"

"Alielekea wapi?"

"Hapo sasa, dada. Sikumwangalia."

Fundi alisimama chini ya tangi, akampigia mdogo wake wa kiume, dereva wa lori. Alikuwa safarini mbali, na sauti yake ilikuja pamoja na mlio wa injini.

"Kaka, Baba hajarudi. Simu yake imezima. Nimefika alipoonekana mwisho, hayupo."

"Kwa tangi? Hapana, tangi kashapita. Kafika nyuma ya kinu cha unga, kwenye ile safu ya nyumba zenye mageti."

Fundi aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Kisha akauliza, "Umejuaje?"

Injini ilipunguzwa. Lori lilikuwa linasogezwa pembeni.

"Dada, usinikasirikie. Nilipokuja likizo nilimwekea ile programu ambayo tajiri wetu anatufuatilia nayo barabarani. Ile haipepesi jicho. Ukisimama kujisaidia, anajua. Nikasema, kama inalinda lori, ishindwe kumlinda Baba?"

"Na hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia."

Hakukuwa na muda wa kubishana. Lakini wazo lilikuwa limeshaingia. Fundi akampigia Kitinda, mdogo wao wa mwisho, mpokea wageni katika zahanati ya mji mwingine. Hakumzungusha. "Kitinda, na wewe unamwona Baba kwenye simu yako?"

"Nani kakwambia?"

"Jibu kwanza."

"Namwona kwenye ramani. Niliiruhusu ramani inionyeshe alipo, ile siku aliponipa simu nimwekee picha. Dada, naitazama kila nikikaa kupumzika. Ya mwisho kwangu ipo njia ya uwanja wa mpira."

Fundi aliyapanga maeneo yale matatu kichwani. Chaji ilipopungua, simu ilianza kujibana. Ikaikatia kwanza programu yake, kisha ramani ya Kitinda, na ile ya malori ikang'ang'ania hadi mwisho. Tangi, uwanja, kinu. Haikuwa njia ya mtu aliyepotea. Ilikuwa njia aliyoipita Baba kila mwezi, mkoba begani, wakati wao watatu walikuwa wadogo. Baba hakuwa anazurura. Baba alikuwa kazini.

Akakimbia.

Nyuma ya kinu aliwaona watu kabla hajamwona Baba. Walikuwa wamesimama nusu duara mbele ya geti la kijani, na Baba alikuwa ameketi chini katikati yao, pekupeku, mkanda wake umeshikwa na mtu mwingine. Shati lilikuwa limechanika begani.

"Mpisheni," Fundi alisema, akipenya. "Ni baba yangu huyo. Jamani, ni baba yangu."

Mwenye nyumba, mtu mnene aliyevaa fulana ya ndani, hakuwa na sura ya ukatili. Alikuwa ameliziba geti lake kwa mgongo. "Baba yako kaingia uani kwangu bila kuitwa, anasema mtu wa umeme. Nikamwomba kitambulisho, hana. Mwezi uliopita waliingia hivi hivi nyumba ya pili, mtu wa umeme, mtu wa umeme, wakaondoka na kila kitu. Ndani nina mke mgonjwa. Wewe ungefanyaje?"

"Niko kazini," Baba alisema kutoka chini. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Mama, waambie hawa watu mimi ni nani."

Fundi alimtazama. Kila mtu pale alikuwa anasubiri, na njia ya kumtoa ilikuwa moja tu.

"Alikuwa msoma mita wa mtaa huu," alisema. "Alistaafu zamani. Siku hizi anasahau."

Hakuna aliyemsukuma Baba tena, wala kumgusa. Mtu mmoja akaweka mkanda chini. Mwenye nyumba aliingia ndani, akatoka na viatu, akapiga goti na kumwekea miguuni. "Samahani, mzee wangu. Ungepiga simu tu nyumbani, yasingefika huku."

"Imezima," Baba alisema. Alikuwa anamtazama Fundi, si mwenye nyumba.

Baba alivaa viatu, wakarudi. Nyumbani alinawa, akala, akabadili shati. Jioni Fundi aliichomeka simu ya Baba ukutani, ikawaka, akawapigia wadogo zake wote wawili pamoja na kuweka spika. Kisha akafungua mipangilio mbele ya Baba, sehemu ya betri, na kumsomea bila kuruka kitu. Programu yake. Ramani ya Kitinda. Na juu kabisa, ya malori, ambayo alama yake ilikuwa imefichwa kwenye kundi moja na kikokotoo na dira. Zote tatu zimeruhusiwa wakati wote, kila moja ikiiuliza simu tuko wapi, tuko wapi, hata Baba akiwa amelala.

"Ndicho kilichokuwa kinavuta, Baba. Ni sisi."

Baba alikaa akiitazama. Upande wa pili wa simu Dereva alikohoa.

"Nimeingia nyumba ngapi mimi, mnajua?" Baba alisema. "Za wakubwa, za wadogo. Wengine nimewakuta wanagombana, wengine wanalia, mwingine hana hata kitanda. Na yote hayo niliyaona baada ya kupiga hodi na kuambiwa karibu. Leo nimesahau kupiga hodi, mkaona yaliyonipata. Ninyi je?"

Baba aliitazama simu iliyokuwa mezani, kisha Fundi.

"Nauliza kwa uzuri tu."

"Tulikosea, Baba," Fundi alisema. "Tuliogopa."

"Najua mliogopa. Hata mimi naogopa. Mnadhani sioni?" Akajipapasa kifuani, mahali mfuko ulipo. "Haya. Tatu ni nyingi, zitaniacha njiani. Ibaki moja. Nani akiona nimekwama atafika?"

"Dada," Dereva alisema haraka. "Mimi toa yangu, Baba. Nisamehe. Hata mimi nikifuatiliwa nayo naichukia."

"Yangu isitolewe," Kitinda alisema. "Baba, hapo ndipo ninapokuona. Nikiona umerudi nyumbani ndiyo nafanya kazi vizuri."

"Mara ya mwisho kunipigia lini?"

"Baba..."

"Mimi sikumbuki, ndiyo maana nakuuliza wewe."

Kitinda alilia waziwazi. Baba alimsubiri amalize. "Utanipigia, mwanangu. Nikiwa nimekusahau jina, utanitajia."

Fundi aliondoa ya malori, akaizima na ramani. Ilipobaki yake, akaisogeza simu mbele ya Baba. Kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili ya kuchagua: kuruhusu au kukataa. Baba alivaa miwani, akasoma hadi mwisho kama alivyokuwa akisoma kila kitu, akabonyeza kuruhusu.

Siku iliyofuata chaji ilifika jioni. Kesho yake asubuhi, Baba akiwa anafunga kamba za viatu, Fundi alimwuliza kama anakumbuka walichokubaliana, na uso wake ukawa mtupu kama karatasi isiyoandikwa. Hakukumbuka geti, wala hodi, wala kubonyeza. Kilichobaki usoni mwake ni hofu ya mtu anayeulizwa deni asilolijua.

Fundi hakumbana. Alijua sasa kwamba ruhusa ya mtu anayesahau haiwezi kutunzwa ndani ya simu. Akamwonyesha simu ile, akamweleza upya kwa maneno machache, akamwuliza, "Leo nikuone ukiwa njiani, Baba?"

"Nione," alisema.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mara nyingine alikubali kabla swali halijaisha. Mara nyingine alitaka aelezwe kwanza simu inamjuaje aliko, na Fundi alimweleza habari za setelaiti, naye akauliza nani anazilipia umeme.

Asubuhi moja, akiwa tayari mlangoni, alikataa.

"Leo usinione."

"Kwa nini, Baba?"

"Sitaki tu. Mtu hana siku ya kutembea peke yake?"

Fundi aliishika simu ya Baba. Angeweza kumwambia amezima na kumbe hakuzima. Baba asingejua, na hata angejua, kesho ingekuwa imefutika. Alifungua mipangilio, akaenda kwenye mahali, akazima mbele yake, akamwachia aone kwa macho yake mwenyewe. Kisha akamrudishia simu.

Kwenye cherehani kulikuwa na gauni la mtu, limebaki mkono mmoja. Alilifunika kwa khanga, akachukua viatu vyake nyuma ya mlango.

"Na wewe unaenda wapi?" Baba aliuliza.

"Kutembea. Kwani njia ni yako?"

Baba alifikiri. "Utembee upande wa pili wa barabara."

"Upande wa pili," Fundi alisema.

Baba alitoka kwanza. Fundi alihesabu pumzi chache, akafunga mlango, akavuka.